Baba Ameisalimisha Bunduki

Mitole, Kilwa

Kaka Bashiru,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na mikorosho mwaka huu imechanua hata nyuki wanapepesuka. Mwanangu Fauzia ameota meno mawili, anamng'ata kila anayembeba.

Baba naye hajambo, ila usishtuke ukimwona. Unajua alivyokuwa akiokota maganda ya risasi zilizokwishapigwa na kuyajaza upya mwenyewe, kwa ajili ya ile bunduki yake fupi ya kienyeji, ili ailinde mihogo dhidi ya nguruwe pori. Mwezi wa Rajabu risasi moja ilimlipukia usoni. Tulimkimbiza hospitali Lindi. Amepona, lakini jicho la kushoto halioni tena.

Aliporudi, Mama hakumgombeza. Alimwuliza tu, "Nikikuzika wewe, hiyo mihogo nitaila na nani?"

Zilikuwa siku za kusalimisha silaha kwa hiari, na kulipokucha Baba aliifunga bunduki kwenye kanga, akaomba nimsindikize, akaikabidhi polisi kwa mkono wake. Njiani kurudi alikuwa anapiga mluzi.

Sasa nguruwe tunawafukuza kwa kupiga madebe. Juzi walikula tuta zima. "Waache," alisema Baba, "nao wana watoto."

Jioni wazee wetu hukaa barazani. Mama amehamia upande wake wa kushoto, na kila mtu anapopita, Mama humweleza Baba ni nani na amevaa nini. Baba anasema alipokuwa na macho mawili hakuwahi kukiona kijiji kizuri namna hii.

Nakuombea afya huko uliko,
mdogo wako Somoe