Shavu la Babu

Mwanangu,

Sikutaka kukuamsha. Mtoto ameshakunywa maziwa, nimemlaza kando yako. Chupa hazijaoshwa, samahani. Mafuta yako mazito ~~nimeyarudisha bafuni~~ nimeyabeba kazini.

Uliponiambia ngozi yangu ni kavu, niache sabuni ya kufulia, nilicheka. Mchomelea vyuma na losheni wapi na wapi! Lakini nilikutii: sabuni laini, kisha mafuta kabla uso haujakauka.

Leo alfajiri mjukuu alilia, nikambeba. Si unajua anavyoukwepa uso wangu kama msasa? Leo kaniegemezea shavu, akashusha pumzi, akalala. Nikaganda dirishani mpaka kukapambazuka, naogopa hata kumeza mate.

Kumbe mtoto ni laini hivi! Na wewe nilikubeba, mwanangu, nisijue.

Baba yako, babu yake