Kamera ya Kumfuata Mwalimu Chacha

Alhamisi jioni, Nkende. Mvua inanyesha tangu saa nane na umeme umekatika mara mbili. Nina hasira, lakini asubuhi ilikuwa hasira tamu, ile ya mtu anayejua siku yake imefika.

Mkuu wa chuo amenipa kazi ya kuchagua mfumo wa kurekodi vipindi, ili wanafunzi wetu wa mifugo walioko vijijini kwa mafunzo ya vitendo wapate masomo hukohuko. Kamera ya kawaida, inayokaa imetazama ubao, ingetutosha kabisa. Mimi nikataka inayogeuka yenyewe kumfuata mwalimu.

Niseme ukweli: niliitaka kwa ajili ya Mwalimu Chacha.

Mwaka jana nilikwenda Itiryo kumzika mama. Wajomba wa upande wa Kenya walichelewa, na nani angethubutu kumzika dada yao hawajafika? Nikazidisha siku mbili juu ya ruhusa. Niliporudi nilikuta Chacha ameshaandika barua kwamba mimi ni mtoro. Hata simu ya pole hakunipigia. Nikavuliwa ukuu wa idara, akapewa yeye.

Na mtoro ni nani? Chacha huingia darasani, hutaja kichwa cha somo, humwachia kiongozi wa darasa daftari anakili notisi ubaoni, kisha huyo, yuko kantini na chai yake. Chuo kizima kinajua. Hakuna aliyewahi kumwandikia barua.

Jumatatu fundi kutoka Mwanza alituletea kamera mbili za kujaribu. Moja humfuata yeyote aliyesimama mbele ya darasa. Nyingine humfuata aliyevaa kifaa kidogo shingoni. Nikaomba ile ya kwanza ifungwe chumba cha Chacha.

"Mwalimu, hii haimwachi mtu, hata akijificha," fundi aliniambia. Nilicheka mpaka akanishangaa.

Chacha aliambiwa kwamba kamera inarekodi. Jana aliitazama, akaona hakuna mtu anayeiendesha, akaondoka kama kawaida.

Leo nimeiangalia rekodi. Chacha yumo dakika nne. Halafu kamera inageuka polepole, inamshika Bhoke.

Bhoke ndiye kiongozi wa darasa, mama wa watoto wawili kutoka Kemambo. Ananakili notisi kidogo, anaweka daftari chini, anaanza kufundisha ugonjwa wa miguu na midomo: ng'ombe anavyodondosha udenda, anavyochechemea, kwa nini usimpeleke mnadani. Kiswahili kikimwishia anaingiza Kikurya, darasa linacheka, linaandika. Anafundisha vizuri kuliko Chacha. Labda kuliko mimi.

Mchana akanifuata ofisini. Alikuwa ameiona kamera ikimgeukia.

"Shikamoo mwalimu. Naomba usiwaoneshe wakuu ile rekodi. Alama zangu za vitendo anatoa Mwalimu Chacha. Akinikasirikia, mimi nitaenda wapi?"

Nilitaka kumwambia avumilie. Kweli, nilitaka. Chacha nilikuwa naye mkononi, na mwaka mzima nimeomba nimpate hivyo. Halafu nikaikumbuka ile barua, jinsi ilivyopita meza zote kabla mimi sijaulizwa neno.

Nimeifuta rekodi. Bado inaniuma ninapoandika hapa.

Lakini pendekezo langu kwa mkuu limebadilika. Tununue ile ya kifaa cha shingoni, kivaliwe na mwalimu wa kipindi na si mtu mwingine, na kila rekodi iwekwe jina lake. Nilimpigia fundi kumuuliza: mwalimu akitoka nje, kamera itarekodi nini? Akasema itabaki imetazama pale alipopotelea.

Yaani mlango. Kipindi kizima mlango mtupu, na jina la Chacha chini yake.

Mama, usidhani nimemsamehe. Nimebadilisha kamera tu.