Chumba Nilichokijenga Mimi

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi nyumbani nimevimba. Sijala, na sitaki kuulizwa.

Meneja kaniita asubuhi, akafunga mlango. Meneja akifunga mlango ujue hakuna la heri. Shirika la maji, mteja wetu mkubwa kuliko wote, limefanyiwa ukaguzi. Mkaguzi kasema chumba chao cha mitambo ya mtandao kiguswe na mafundi wenye cheti peke yao. Kuanzia tarehe moja Aprili. Asiye na cheti hapewi kadi ya mlango.

Nikamwambia, bosi, kile chumba nimekijenga mimi! Kabla yangu kilikuwa stoo ya mafagio. Kila kebo iliyomo imepita mikononi mwangu. Miaka tisa, mtandao ule ukipiga chafya tu, anayeitwa ni mimi.

Akasema anajua. Anasikitika. Lakini mkataba ni mkataba. Nifanye mtihani, la sivyo nihamie dawati la kupokea simu. "Si adhabu, dada yangu. Ni utaratibu."

Dawati la simu! Mimi niwe wa kusema "asante kwa kupiga, tafadhali subiri"!

Jumanne, 4 Machi

Na kadi ya kwanza kapewa nani? Mhandisi Karatasi. Jina hilo nimempa mimi. Ana mwaka na nusu kazini na vyeti vitatu, kavitundika juu ya meza yake kama picha za harusi. Leo kadi inaning'inia shingoni, na picha iliyomo inacheka meno yote nje. "Shikamoo, dada." Nimeitikia kwa pua.

Mchana kaniletea chai. Kumbe ana swali. Kebo za chumba kile kwa nini zote ni za kijivu, na hakuna hata moja yenye lebo? Mtu atajuaje ipi inakwenda wapi?

Nikamjibu: mimi najua.

"Na mimi je?"

Mwenye cheti ni wewe.

Chai nimeiacha ikapoa.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejiandikisha darasa la jioni. Ada natoa mfukoni mwangu, kampuni itarudisha "ukifaulu". Yaani nikizama, nizame na vyangu.

Mwalimu, kijana wa tai, kaanza kwa kumuuliza kila mmoja cheti anakitakia nini. Mmoja anataka kazi ng'ambo: kule, kasema, hakuna wa kukutambulisha, inabidi karatasi ikusemee. Mwingine, mshahara. Wenzake wamepanda, yeye yuko palepale kama jiwe la mafiga. Mama wa rika langu ameacha ualimu, anataka kuanza upya na hana umri wa kungoja watu wamwamini. Mmoja akasema mkwe wake anaamini kazi ya kompyuta ni kucheza gemu. Tukacheka. Hata mimi.

Zamu yangu. "Nataka nifunguliwe mlango."

Walidhani nasema kwa mafumbo. Mwalimu kaniitikia kwa kichwa – vizuri sana, vizuri sana.

Jumapili, 9 Machi

Mume wangu, fundi cherehani, ananisomea maswali huku akipiga pasi. Anayasoma kama mtangazaji wa mpira.

Swali: mteja analalamika mtandao umekatika. Hatua yako ya kwanza? Nikajibu hajamaliza: nakagua kebo.

"Umekosa."

Nimekosaje! Mara tisa kati ya kumi ni kebo!

"Kitabu kinasema muulize mteja kwanza. Tatizo lilianza lini? Nini kimebadilika?"

Mteja! Mteja atakuapia hajagusa kitu, na mguu wake uko juu ya waya!

Kageuza suruali upande wa pili, taratibu. Kasema ana mteja amemshonea tangu hatujaoana, na mpaka leo akija anampima upya. "Mwili ukibadilika, mke wangu, hauji kuniarifu."

Nikamwambia ashone suruali zake, mimi aniache.

Alhamisi, 20 Machi

NIMEANGUKA.

Mia sita themanini na mbili. Kufaulu ni mia saba. Alama kumi na nane! Si bora ningepata sifuri nikalala?

Sehemu ya hesabu za mtandao nimepata zote. Zote! Zile nafanya kichwani wenzangu wakiwa bado wanatafuta kalamu. Iliyonizamisha inaitwa "Kutafuta na kutatua hitilafu". Hitilafu! Ndiyo kazi inayonilisha! Ni kumwambia samaki kafeli kuogelea.

Na maswali yote ni ndugu moja: ungeanza na nini? Nimejibu ninavyoanza. Wao walitaka wanavyoanza wao, watu wasiowahi kutambaa darini na tochi mdomoni.

Mwalimu kapiga simu. Usijibu unachojua, jibu unachoulizwa. Nikamkatia.

Kurudia ni tarehe tatu Aprili. Mlango utakuwa umeshafungwa siku mbili.

Jumamosi, 22 Machi

Habari zimefika ofisini kabla yangu. Karani wa mapokezi kanipa pole kama niliyefiwa. Nikamwambia mazishi bado.

Halafu huyo, Mhandisi Karatasi, mezani kwangu. Eti anaweza kunisaidia ile sehemu ya hitilafu. Yeye! Nikamuuliza, wewe umezaliwa lini hata unifundishe mimi kutafuta hitilafu? Sauti ilinitoka. Watu wakageuka. Nilidhani atanywea.

Hakunywea. "Dada, unajua kwa nini nilifanya mitihani yote ile? Nilipoajiriwa nilikuomba unionyeshe kazi. Ukasema, tazama. Nikatazama mgongo wako miezi mitatu. Nikaona bora kitabu. Kitabu hakinigeuzii mgongo."



Nikamwambia: na mimi nani alinionyesha? Nani? Nimejifunza kwa kuunguza vifaa na kutukaniwa mama yangu. Hakuna aliyenishika mkono!

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilidhani utanielewa."

Akaenda zake. Fedhuli. Mdomo kama wakili.

Jumatatu, 31 Machi

Meneja: andika maelezo ya chumba, umkabidhi kijana mwenye kadi.

Nimeandika nusu ukurasa. Mengine yako kichwani, na kichwa changu hakikutajwa kwenye mkataba.

Jumanne, 1 Aprili

Niko kwenye benchi, ukumbi wa shirika la maji. Naandika kwa sababu mikono lazima ifanye kitu.

Mtandao wao wote umelala tangu asubuhi. Madirisha ya malipo yamefungwa, foleni imetoka nje mpaka barabarani, watu wanatukana kwa zamu. Meneja kanituma "nikasimame karibu". Karibu! Mlinzi wa chumba kile, ambaye zamani alifungua akisikia tu viatu vyangu, katazama shingo yangu tupu, kisha akatazama chini. "Nisamehe, mama. Nimeambiwa kadi." Simlaumu. Namlaumu kidogo.

Kijana yuko ndani. Kanipigia simu. Taa zote za swichi, kile kisanduku kinachogawa mtandao, zinapepesa kwa pamoja kama zimepandwa na wazimu. Kazima, kawasha, wapi!

Nikafungua kinywa nimwambie akague kebo. Kikatoka kingine. Nini kimebadilika? Mimi huyo! Kitabu kile kile!

"Sijagusa kitu, dada."

Nilijua. Hakuna anayegusaga. Nikamuuliza tena, polepole.

"Basi... nilikuta kebo moja, ncha inaning'inia. Nikadhani imechomoka. Nikaichomeka."

Nikaiona hapohapo, na ukuta katikati. Ile niliiacha mimi ikining'inia, ya kupimia kwa laptopu. Ncha yake ya pili imo kwenye swichi ileile. Sasa swichi inajipigia kelele, inajisikia, inajijibu, mpaka hakuna mwingine anayepata nafasi ya kusema. Ukiichomoa, dakika moja, foleni inatembea.

Mtu yeyote angeichomeka. Haina lebo.

Nimemwambia subiri. Nimekata.

Nikimtajia, atatoka humo shujaa, na keshokutwa hata nikifaulu nitakuwa wa pili kwake. Nisipomtajia, saa moja nyingine Meneja atawaangukia wakubwa wa shirika nifunguliwe, cheti au hakuna cheti. Hesabu hiyo nimeipiga mara mbili. Mara zote mbili inakubali.

Mama mwenye mtoto mgongoni ametoka kwenye foleni, kakaa pembeni yangu, bili imemlowa mkononi.

"Na wewe umeambiwa usubiri?"

Ndiyo, nimemwambia.

"Na nani?"

Simu inatetemeka tena, ni kijana. Kebo ya tatu kutoka kushoto, safu ya chini. Hayo tu ya kumwambia. Mama anaitazama, ananitazama.

"Pokea, mwenzangu," ananiambia. "Huenda ni wao, wanatufungulia."