Mbege ya Nondo

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Marahaba yako nimeipokea hukuhuku, maana najua umeitamka kabla Mama Neema hajamaliza kusoma mstari wa kwanza. Magoti yanasemaje na baridi ya huko? Mlima unafunguka asubuhi, au bado umejifunika? Mimi ni mzima, nakula, nalala, Mungu ananitunza. Na wewe wifi yangu unayesoma, soma polepole, wala usiruke mahali utakapoona mama anataka kulia.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu, mama, una haraka kama mtu aliyeacha maziwa jikoni. Wiki kadhaa zilizopita uliniambia mwaka huu hupiki mbege ya Krismasi. Ulisema mikono imechoka kukoroga, na aliyekuwa anakupokea mwiko yuko Uingereza anaogesha wazee wa watu. Halafu ukaniaga, nikabaki na simu sikioni. Maneno yale nilitembea nayo siku nyingi, mpaka nikafika nayo msituni, na ya huko msituni ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Huku kuna watu ambao hutoka kwa kikundi kwenda kutafuta nondo. Ndiyo, nondo hawahawa wanaoizunguka taa ya barazani kwetu, nawe huwafukuza kwa kanga. Wanajua jina la kila mmoja. Wanaandika ni nondo gani ameonekana wapi, kisha wanamwachia aende zake. Kiongozi wao ni Mzee Alan, mwalimu mstaafu, ambaye mama yake ni mmoja wa bibi ninaowatunza kazini. Ni yeye aliyeniambia nitoke nao, eti nina uso wa mtu aliyefungiwa ndani. Nilikwenda kwa heshima tu. Asubuhi walifungua sanduku lililowashiwa taa usiku kucha, wakawatoa nondo mmojammoja, na mmoja wakaniwekea kiganjani. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na alikuwa anatetemeka. Tangu hapo nimekuwa mtu wao, usicheke.

Sasa, kuna nondo wasiojali taa. Hao huitwa kwa kitu kitamu kilichochachuka. Wenzangu huchemsha sukari nyeusi na bia, jua likizama wanapaka kwenye magome ya miti, nondo wanafuata harufu na kuja kunywa. Mzee Alan alipokuwa anaeleza hayo, mimi nilikuwa nimeshafika kihambani kwetu, katikati ya migomba. Nikawaambia safari ijayo wasilete chochote, nitaleta mimi.

Nikapika mbege, mama. Mchungaji asisikie. Ndizi ni zile za dukani zisizo na jina, nikazisubiri mpaka zikawa nyeusi. Ulezi niliupata kwenye duka la Wahindi, nikauloweka ukaota nyuma ya jokofu. Magome ya msesewa ya kutia uchungu sikupata, na hata ningepata nisingejua nitie kiasi gani, maana wewe hukuwahi kuniambia kiasi, ulikuwa unatia tu huku unaongea na mimi habari nyingine. Mwenzangu ninayekaa naye alifungua madirisha yote akaniuliza kuna nini kilichokufa jikoni. Nikamwambia asubiri Krismasi, kisha nikanyamaza, maana nilikumbuka ulichosema.

Jioni ile tulikuwa watu wachache chini ya miti mikubwa. Nilimimina mbege kwenye kikombe, Mzee Alan akaninyooshea mkono akiwa na brashi ya rangi. Na mimi, mama, bila kufikiri hata kidogo, nikapiga funda la kwanza ndipo nikampa.

"Anaeli," akasema mama mmoja wa kikundi, "hiyo si ni ya nondo?"

Nilitamani ardhi inimeze. Ikabidi nieleze kwamba kwetu hupewi pombe na mtu ambaye hajaionja mbele yako. Aliyepika anatangulia, ili mgeni aone ni salama.

"Hata kama mgeni ni nondo?" akauliza Mzee Alan.

"Si tumewaita sisi wenyewe?" nikamjibu.

Akanitazama, akakichukua kikombe, naye akanywa. Sura ilimkunjamana kama ya baba mdogo akipewa chai isiyo na sukari. Akasema, "Haya, sasa tuwakaribishe," akaanza kupaka.

Na walikuja. Wakubwa kwa wadogo, wametulia kwenye gome wamenyoosha ndimi zao ndefu. Mmoja alikuwa na rangi ya gome lenyewe, ukadhani hana lolote, lakini alipofunua mbawa, chini alikuwa mwekundu kama kile kitenge chako cha kanisani. Mwingine alikunywa mpaka akaanguka kwenye majani, akawa anazunguka palepale asijue njia. Wote walicheka, na mimi nikacheka nao.

Kisha upepo ukaleta harufu. Mama, ilikuwa ni jikoni kwako. Ilikuwa ni jioni ya kuamkia sikukuu, moshi wa kuni, ndizi kwenye pipa, wewe umefunga kilemba vibaya, unanikemea nisiache kukoroga. Nilikwenda kusimama nyuma ya mti mwingine nikalia. Nimekukumbuka mpaka mwili unauma, na sitaki kukuficha. Nililia pia kwa sababu ile mbege haikuwa mbege. Ilikuwa chachu, nyepesi, ya kudanganyia nondo. Ukiacha kupika wewe, hiyo ndiyo itakayobaki kwangu.

Kila Desemba hapa kazini tunawapisha wenye watoto wadogo waende nyumbani, na mimi nimekuwa wa kwanza kupisha. Safari hii nilikwenda kwa msimamizi asubuhi iliyofuata, kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Nikamwambia sina mtoto mdogo, lakini nina mama. Likizo amenipa. Tiketi nimeshakata, nitashuka uwanja wa KIA kabla ya sikukuu.

Nisalimie kaka Elia, mwambie zile ndizi za karibu na mfereji asiziuze hata moja, na pipa alisugue vizuri. Msalimie shangazi wa Shirimatunda, ambaye bado ananidai sababu ya kutoolewa. Msalimie baba mdogo, mwambie nimekutana na ndugu zake, wanalewa kwenye miti. Wewe wifi, pole kwa kazi ya kusoma mwandiko huu.

Nawe mama, ulezi uloweke, msesewa utafute, lakini mwiko usiuguse. Kaa kwenye kigoda chako, nitakoroga mimi, wewe uwe unasema tu, na safari hii nitasikiliza. Ikiiva, usinimiminie upesi kwa sababu nimetoka mbali. Chukua kata yako, onja kwanza wewe mbele yangu, nikuone unameza, ndipo unipe.

Mwanao,
Anaeli