Mkwe Wangu Alipotoka Kwenye Foleni

Jumatatu, 21 Oktoba 1974

Nimefungua koki ya mjini Kasulu saa moja asubuhi, nimefunga saa mbili. Ndiyo amri. Baada ya hapo maji yote yanapanda Uzunguni kwa wakubwa. Mvua bado. Debe moja kila kaya. Mama mmoja kaja na debe na sufuria juu yake. Sufuria nimeimwaga mbele ya watu wote. Wamepiga kelele. Wapige. Aliyeshika kazi hii kabla yangu alifukuzwa kwa kupendelea shemeji zake, nami sirudi kushika jembe kijijini Kagerankanda.

Mkutanoni tunaambiwa sote ni ndugu. Ndugu mmoja kule juu, Bwana Mkubwa wa wilaya, ana bustani ya mawaridi na mpira wa maji mrefu kuliko foleni yangu.

Jumatano, 23 Oktoba

Mama mkwe wangu amefika kutoka kijijini Titye kumlea binti yake, mke wangu Anjelina, aliyejifungua wiki iliyopita. Mtoto wa kike, mzima. Mkwe analala jiko la nje. Mimi naye hatutazamani, ndivyo tulivyo Waha. Akinisikia nakohoa tu anazunguka nyuma ya nyumba. Mama mwenye heshima zake.

Nimejiwekea sharti: sichoti maji ya nyumbani kwa mkono wangu, wasije wakapata la kusema. Jirani alikuwa anatuchotea. Nimemwambia apumzike, mkwe yupo, atapanga foleni.

Ijumaa, 25 Oktoba

Mkwe alikuja. Alikuwa wa nne kutoka mbele. Aliponiona nimesimama kwenye koki akajifunika khanga usoni, akachukua debe lake tupu, akaondoka. Foleni nzima ikaangua kicheko. "Mkweo kakukimbia!" Nilijisikia vizuri sana. Nilijiona mtu anayeheshimiwa.

Jioni maji yalikuwepo nyumbani. Mekundu. Ameyachota bondeni, ng'ombe wanakonywea. Mimi sikuyaonja. Nakunywa juu, jikoni kwa Bwana Mkubwa, mpishi hunipa bilauri.

Jumapili, 27 Oktoba

Jana alikuja tena, akaniona, akageuza. Anjelina kaniuliza kwa nini mama yake anateremka bondeni. Nikamjibu mama yako ana adabu, wewe huna.

Leo koki ya mjini haikufunguliwa kabisa. Bwana Mkubwa ana wageni. Landrova zao zimeoshwa zote, maji yakamwagika mpaka barabarani. Wanawake waliotoka kanisani wakayakinga mtaroni kwa mabakuli. Askari wa geti akawafukuza, nikamsaidia. Mmoja aliteleza akaanguka kifudifudi na kitabu chake cha Misa. Nilicheka. Hapa naandika ukweli, nilicheka.

Jumanne, 29 Oktoba

Mkwe anahara tangu jana. Kuni zilitosha kuchemsha sufuria moja, akawaachia mzazi na mtoto. Yeye akanywa mabichi.

Anjelina amenisihi maji safi. Nimekwenda juu, nikasimama mlango wa jikoni. Bwana Mkubwa hakutoka, alinitumia mpishi: nikikupa wewe, kesho watakuja wote. Nilimwelewa vizuri. Ni maneno yangu mwenyewe ya kila asubuhi.

Mawaridi yalikuwa yanamwagiliwa.

Wakati narudi nilipita kwenye koki. Spana ya kuifungulia ninayo mimi, hana mtu mwingine. Sikufungua. Niliogopa kazi yangu.

Jumatano, 30 Oktoba

Amebebwa kwa machela hadi hospitali. Mimi nilitembea nyuma kabisa, asinione.

Alhamisi, 31 Oktoba

Amefariki asubuhi. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemtazama usoni. Anafanana na Anjelina kupita kiasi.

Ijumaa, 1 Novemba

Tumemzika Titye. Bwana Mkubwa alituma Landrova na mapipa mawili ya maji kwa ajili ya msiba. Safi, unaona mpaka chini. Watu walikunywa chai, wakanawa mikono baada ya kaburi, wakabakiza. Wazee walimsifu Bwana Mkubwa kwa moyo wake. Mimi pia nilisimama nikatoa shukrani kwa niaba ya familia. Nilishukuru kwa sauti kubwa. Najichukia.

Anjelina hakulia mbele ya watu. Watu walipopungua akaja mpaka niliposimama, mtoto mgongoni. Alisema polepole: "Ungegeuka ukaangalia ukuta. Dakika moja tu. Mama angechota."

Halikunijia akilini. Naapa halikunijia.

Jumamosi, 2 Novemba

Nimerudi Kasulu peke yangu. Anjelina amebaki kwao na mtoto. Sikumwuliza mpaka lini.

Jumatatu, 4 Novemba

Mvua bado. Nimefungua saa moja. Kisha nikawapa mgongo, nikaangalia ukuta wa kibanda cha bomba. Una ufa kutoka dirishani hadi chini. Nyuma yangu nilisikia madebe yanajaa, moja baada ya jingine. Hakuna aliyegombana. Mama mmoja aliuliza kama naumwa.

Saa mbili nimefunga. Debe la nyumbani kwangu hakulileta mtu.