Kompyuta ya Nyumba ya Mtu Mmoja

Sfax, Tunisia
9 Novemba 2023

Mpendwa kaka Moncef,

Assalaam aleikum. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Marseille? Wifi yangu Odile hajambo? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila nyumba imekuwa kubwa mno tangu mume wangu Bashir anitoke.

Usidhani nimekununia. Kompyuta ya Bashir, ile tuliyokuwa tukiitumia kukuona Jumapili, imekufa. Yeye alikuwa akiipiga makofi inawaka. Mimi nimeipiga mpaka mkono ukauma, wapi! Na kwa simu yangu ya vibonye hatusikilizani, unalijua mwenyewe sikio lako.

Basi nikaenda dukani kwa Sadok, karibu na lango la Bab Diwan. Akanionyesha dude kubwa lenye feni tatu na taa nyekundu na buluu.

"Hii, Mama, hata wajukuu watairithi."

"Wajukuu wa nani? Mimi sikujaliwa hata mtoto. Na mataa yote hayo, unataka kuniozesha upya?"

Alicheka, kisha akaona haya, akazima taa zile. Akaniuliza nataka kufanyia nini. Nikamwambia: kumwona kaka yangu, kusikiliza redio, na kuandika kidogo, nikipata wa kumwandikia. Akashusha kijisanduku kama boksi la tende. Hakina feni wala kelele, kinafungwa nyuma ya skrini.

"Memori yake inakutosha. Nikikuuzia kubwa zaidi, nitakuwa nakuibia."

Nikachukua na kamera. Kibodi nimebaki na ya Bashir, ingawa herufi nyingine amezifuta kwa vidole vyake. Sikutaka mpya.

Jirani yangu Salwa, mjane mwenzangu, ndiye aliyekuja kuiwasha kompyuta na kuiandaa. Kisha akarudi kwake ili anipigie, tuijaribu. Sauti ikapita ukutani kwanza, halafu ikatoka kwenye kompyuta.

"Unanisikia?"

"Nakusikia mara mbili, kichaa wewe!"

Tukacheka, tukaongea mpaka supu yangu ya chorba ikaungua. Miaka yote hii tumekuwa tukisalimiana ngazini tu, kila mtu na funguo zake mkononi. Mara akaniambia:

"Najet, mwisho wa mwezi nahamia Susa kwa binti yangu. Leo nimekaa kwako mchana kutwa, nimeshindwa kukuambia."

Akaiziba kamera kwa kiganja. Kwenye skrini pakawa giza, lakini ukutani nilimsikia akilia. Nikagonga ukuta. Naye akagonga. Tukabaki hivyo, wanawake wazima, tukigongeana ukuta kama watoto.

Nilipomfuata nilimkuta amekwisha nawa uso, anakunja mapazia. Nikamsaidia kukunja. Ameniwekea namba yake mpya kwenye kompyuta, juu kabisa, kabla ya yako. Usikasirike, yeye ameahidi kupiga.

Nisalimie Odile na wanao wote. Mwambie Odile akufungulie kompyuta Jumapili baada ya adhuhuri, nitakuwa nimekaa mbele ya yangu. Kama huna la kuniambia, usihangaike kutafuta. Kula chakula chako tu, nikuangalie.

Mungu akulinde na akuzidishie afya, kaka yangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, niliyebaki Sfax,
Najet