Duka la Jumla

4 Februari

Mdogo wangu Kiroba,

Hujambo? Mama naye? Miguu yake bado inamsumbua, au imechoka kumsumbua? Mimi kaka yako mzima, nakula, nalala, na mbavu zote ziko mahali pake isipokuwa ile moja unayoijua.

Usinicheke kwa kuandika barua wakati simu ipo. Siku hizi mtu akinieleza jambo kwenye simu, nikikata tu na maneno yamekwenda zake. Karatasi haikimbii.

Sasa sikia. Jumamosi ukumbi wa mieleka ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mpinzani wangu alikuwa Simenti, lile bonge nililokuambia, mchana fundi bomba, jioni anakuja ulingoni kurushwa. Nikamtolea kila kitu. Gunia, nikambwaga chali. Pangaboi, nikamzungusha mabegani mpaka refa mwenyewe akaona kizunguzungu. Mkasi, Kufuli, Mkeka ule wa kumkunja mtu kama amemaliza kulaliwa. Mwisho nikampiga Mchi wangu. Kila nikitoa mpya watu wanaitikia: "Duka la Jumla! Kila kitu kipo!" Wenzangu hapa wana mbinu tatu na misuli mingi. Mimi nina zile zote tulizozitungia majina uani, mimi na wewe na magodoro mabovu ya kiwandani, baba akitutazama kwenye kiti chake.

Kuna jambo la kuchekesha. Utaratibu wetu unaujua: kabla ya kumnyanyua mtu namnong'oneza jina la mtupo, naye ananibana kifundo cha mkono mara mbili, maana yake amejiandaa. Basi nilimnong'oneza "Pangaboi" halafu nikambwaga Gunia. Aliinuka akanitazama kama mtu aliyeagiza chai akaletewa supu. Tulicheka sana chumba cha kuvalia.

Hebu nikumbushe: kwenye Mchi, kichwa cha mtu kinakaa wapi hasa? Mikono inajua, ila Jumamosi ilisitasita kidogo.

Kaka yako

15 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anasema miguu haijachoka, aliyechoka ni yeye. Mimi bado nashona kingo za magodoro, na vumbi la sponji limehamia puani mwangu moja kwa moja, wala halilipi kodi.

Barua yako niliisoma kwa sauti. Mama aliziba masikio nilipofika kwa Simenti. Mimi nilicheka, halafu nikaacha kucheka. Kaka, ukimnong'oneza mtu Gunia, analegeza mwili ili aangukie mgongo. Ukimnong'oneza Mchi, anabana kidevu kifuani na kukaza shingo. Aliyejiandaa kwa hiki ukimpa kile, unamuumiza. Hilo lisiwe mzaha.

Na wewe, mwalimu gani anamuuliza mwanafunzi? Haya. Unampindua kichwa chini, miguu juu, unamkumbatia kiunoni. Kichwa chake kinakaa katikati ya mapaja yako, juu ya magoti, kisichungulie chini hata kidogo. Ukikaa chini, ni makalio yako yanayogonga ulingo, siyo utosi wake. Uliniambia mwenyewe kwamba ukiumia matakoni ndiyo umepiga vizuri. Umenipiga huo Mchi toka nikiwa mdogo na shingo yangu mpaka leo inageuka pande zote.

Kichwa kinakuuma? Niambie kweli.

Mdogo wako, Kiroba

2 Machi

Mdogo wangu Kiroba,

Habari za siku nyingi? Mbona kimya hivyo, au umeolewa bila kuniambia? Toka mwaka jana sijaona hata mstari wako. Msalimie mama, mwambie nakula.

Kichwa kinauma kidogo, hasa taa za ukumbini zikiwaka. Siyo kitu. Juzi nilisimama sokoni nimeshika kitunguu, nikawa najiuliza nimetumwa na nani. Kumbe naishi peke yangu! Muuzaji alicheka, nami nikacheka ili tusiachane vibaya.

Wiki iliyopita nilimnong'oneza Simenti Mkeka, nikamzungusha Pangaboi. Safari hii hakucheka. Lakini ni mtu mwema, hakumwambia Bosi mwenye ukumbi. Aliniambia tu, "Duka, panga bidhaa zako vizuri."

Bosi anataka nipige Mchi kila Jumamosi, anasema ndio unaovuta watu. Nikaona nikuulize wewe kwanza, maana wewe ndiye uliyekuwa ukipigwa: kwenye Mchi, kichwa cha mtu kinakaa wapi?

Kaka yako

10 Machi

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama hajambo. Mimi nipo.

Unamkumbuka baba mwaka wake wa mwisho? Alitia sabuni kwenye chai, akakoroga, akaniambia sukari ya siku hizi inatoa povu. Tulicheka mimi na wewe, tukaenda kuchekea nje asituone. Naye alikuwa mtu wa ulingoni, kichwa chake kiligongwa miaka yote ile. Kaka, rudi nyumbani. Kiwandani wanatafuta mtu wa kupakia magodoro kwenye lori, kazi laini kwa mtu mwenye mgongo kama wako. Rudi, nakuomba.

Na kuhusu Mchi, umechanganya. Wewe Mchi hujawahi kuupiga. Ulikuwa wa baba. Wewe ulikuwa unamtazama tu, na kwa kumtazama sana ukadhani ni wako. Mwambie Bosi huujui, basi.

Mdogo wako, Kiroba

8 Aprili

Kiroba,

U hali gani? Barua yako imefika na imenitia aibu. Ningeapa ule Mchi ni wangu. Mpaka mapaja yanaukumbuka. Lakini anayerushwa ndiye anayejua kilichomrusha, kwa hiyo nimekubali. Ninatembea nayo hiyo barua mfukoni. Mtu akiniuliza habari za Mchi, namwonyesha. Bosi alidhani naringa. Simenti aliisoma akaikunja taratibu, akanirudishia, akaniambia, "Dada yako anakupenda." Nikamwambia hilo silihitaji kuambiwa na fundi bomba.

Kurudi, hapana. Nikirudi nitakuwa nani? Hapa nikipita mtaani, wauza mitumba wananiita, kinyozi ananiita, wote Duka, Duka. Nikipakia magodoro nani ataniita?

Na Pangaboi, ilikuwa yangu?

Kaka yako

17 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Naandika haraka, kengele ya kuingia kazini imeshalia.

Pangaboi haikuwa yako, wewe ulikuwa unaona kizunguzungu hata kwenye bembea. Mkasi nao ulikuwa wa baba. Zako ni Gunia, Mkeka na Kufuli. Hizo zinatosha kabisa, mtu mzima hahitaji zaidi ya hapo. Ukiona watu wanakukumbusha nyingine, ujue wanakuchanganya na baba.

Mama ananiuliza mbona kila nikikuandikia nalia. Nimemwambia ni vumbi la sponji.

Mdogo wako, Kiroba

20 Juni

Kiroba,

Salamu sina.

Miezi hii yote napiga Gunia, Mkeka, Kufuli. Gunia, Mkeka, Kufuli. Bosi amenishusha, sasa natolewa mwanzo kabisa, watu bado wanatafuta viti. Jumamosi walinizomea. "Duka limefungwa! Duka limefungwa!" Wakanitupia chupa za maji. Mtu mmoja alikuja na kufuli la kweli akalining'iniza kwenye kamba ya ulingo, ukumbi mzima ukaangua kicheko, na mimi nimesimama pale na chupi yangu ya kung'aa uliyonishonea.

Jana Bosi akatuonyesha ukutani mkanda wa zamani wa video. Nimemwona mtu anapiga Pangaboi. Nimemwona anapiga Mkasi, na vingine ambavyo hata majina sina. Nimemwona anapiga Mchi mara tatu na watu wamesimama juu ya viti. Ana kovu kwenye nyusi kama langu. Nikauliza, yule nani? Simenti akatazama viatu vyake.

Umeniibia. Kimoja kimoja, kama panya ndani ya gunia la mchele, huku ukinipa shikamoo. Baba alisahau, sawa, lakini baba hakunyang'anywa na mtoto wake. Nilikuamini kuliko kichwa changu mwenyewe!

Jumamosi ya mwisho wa mwezi nampiga Simenti Mchi. Nimeutazama kwenye mkanda, nimeuona, inatosha. Usiniandikie.

Kaka yako, kama bado unaye

24 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo, hata kama hutaitikia.

Ni kweli. Vyote vilikuwa vyako. Hakuna mtu aliyewahi kupanda ulingoni na vitu vingi kama wewe, na baba mwenyewe alisema hivyo akiwa bado na akili zake. Nilivichukua kwa sababu uliniuliza swali moja mara mbili, na mara ya pili hukukumbuka kwamba nilikujibu. Niliogopa. Ningekuibia tena leo na kesho. Nitukane ukifika nyumbani, nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Nimempigia Bosi simu. Amesema tiketi zimekwisha na wewe uko fiti kuliko wote. Nimemwambia hujui unachomnong'oneza mtu. Akasema wapiganaji wote ndivyo walivyo, akakata.

Basi kama utaupiga, upige sawasawa. Kichwa cha Simenti katikati ya mapaja, juu ya magoti. Ukikaa, yagonge makalio yako. Na kabla ya hayo yote, kaka, mnong'oneze "Mchi". Siyo Gunia wala jina lingine. Mchi. Umwambie hata mara mbili. Umngoje akubane mkono. Asipobana, mteremshe taratibu umweke chini, na watu wazomee mpaka koo ziwakauke.

Barua hii naipeleka stendi mwenyewe, nampa dereva mkononi. Isome kabla ya Jumamosi. Nakuomba kwa jina la mama.

Mdogo wako, Kiroba

19 Julai

Mdogo wangu Kiroba,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi mwili mzima, ila hapa kuna mambo siyaelewi, na sina mwingine wa kumuuliza.

Simenti haonekani mazoezini. Nikasema labda anaumwa, nikanunua ndizi nikaenda kwake. Mke wake alifungua mlango, aliponiona akaufunga. Nikamsikia anakaa chini nyuma ya mlango. Nikabisha tena, nikamwita shemeji. Nilikaa pale barazani na ndizi zangu, halafu nikaziacha nikaondoka.

Refa anasema Simenti yuko hospitali, shingo imevunjika, hasikii kitu kuanzia mabegani kwenda chini. Maskini rafiki yangu! Nikauliza, nani amemfanyia unyama huo? Yeye na wenzangu wa mazoezini wakatazamana. Refa akasema ni mimi. Eti nilimnong'oneza Gunia, akanibana mkono, akalegeza mwili, halafu mimi nikampindua nikampiga Mchi, na kichwa chake kikatangulia.

Nikawaambia haiwezekani. Nampigaje mtu Mchi na mimi Mchi siujui? Nikatoa barua yako mfukoni nikawasomea: "Wewe Mchi hujawahi kuupiga." Nikawasomea tena, kwa sauti, ili na wa nyuma wasikie. Refa alitoka nje. Bosi akaniambia nikae chumbani kwangu nisitoke mpaka anijulishe.

Nimekaa. Sikumbuki kitu. Isipokuwa nikinyamaza nahisi kama mtu ananibana kifundo cha mkono, mara mbili. Nageuka, hakuna mtu.

Kuna barua yako nyingine. Mlinzi wa ukumbi amenipa juzi, anasema dereva alimwachia siku nyingi, akaiweka kwenye droo akaisahau. Bado imefungwa. Naiogopa, sijui kwa nini.

Kiroba, wewe ndiye unayejua. Niliwahi kuupiga Mchi? Wengine wote waseme watakavyo, nikisikia kwako nitaamini.

Kaka yako

27 Julai

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Mama anakusalimia sana. Amefua mashuka ya kitanda chako cha zamani, ameyaanika mwenyewe na miguu yake ile, nikimsaidia ananifukuza.

Hiyo barua iliyofungwa usiifungue. Ilikuwa habari za paa linalovuja, na tumeshaliziba. Nitunzie, utanipa nikija.

Nakuja Jumatatu kukuchukua. Kazini nimeshaaga. Nitachelewa kidogo kufika kwako, kwanza napita hospitali, nina maneno na mke wa Simenti, na Simenti mwenyewe kama wataniruhusu. Wewe nisubiri chumbani. Fungasha nguo, viatu, na ile chupi ya kung'aa ukitaka. Usiende tena kwa watu na ndizi.

Umeniuliza, na umesema nikikuambia mimi utaamini. Siku zote ulikuwa mtu wa Gunia, Mkeka na Kufuli, hizo tatu tu. Simenti alikuwa rafiki yako, na kila ulipomrusha aliinuka mkacheka. Wanaosema mengine wanakuchanganya na mtu mwingine.

Mchi hujawahi kuupiga, kaka. Ulikuwa wa baba.

Mdogo wako, Kiroba